Maua ya Tarvis

Kwao Mozelle, ukipewa mche wa kupanda husemi asante. Unaupokea, unaisifu mizizi yake au unauliza hali ya watoto, kisha unakwenda zako. Ukisema asante, mche unakufa. Binamu yake Ardella alipokuwa kijana alirudi kutoka Birmingham na adabu za mjini, akapewa chipukizi la maua ya haidranjia na Mozelle mwenyewe, akatabasamu na kusema asante sana. Chipukizi halikumaliza wiki. Ardella alizeeka akichekwa kwa jambo hilo kila palipokutana ukoo, naye hakuwahi kupewa jingine.

Chipukizi hilo lilitoka kwenye kichaka kilichokua chini ya dirisha la Mozelle. Tarvis, mwanawe wa kwanza, ndiye aliyekileta. Alikuwa bado mtoto wa kutumwa dukani aliposhuka kijitoni, akachimba haidranjia changa ukingoni, ile yenye majani mapana yaliyokatika kingo kama majani ya mwaloni, akaibeba hadi nyumbani ndani ya ndoo ya mafuta ya nguruwe. Alikuwa ametapakaa matope hadi masikioni. Mozelle aliipokea ndoo, akaitazama, akamwuliza kama amekula. Hakusema neno jingine. Waliipanda pamoja, na kichaka kikakua hadi kikagusa paa.

Baadaye Tarvis akawa dereva wa malori ya magogo, na siku moja mnyororo ulikatika na magogo yakamfuata kwenye mteremko. Walimzika kanisani, juu mlimani. Tangu mwaka huo, kila Jumapili ya kwanza ya Juni, Jumapili ya Kupamba, watu wote wakifagia makaburi ya jamaa zao na kuyavika maua ya nyumbani kabla ya kula pamoja chini ya miti, Mozelle alipanda mlima huo akiwa amebeba maua meupe ya kichaka cha Tarvis, makubwa na marefu kama magunzi ya mahindi. Hakukubali msaada. Na mtu yeyote aliyemkatia hata ua moja la kichaka kile kuliweka mezani, Mozelle alimwambia tu, "Weka hapo." Hakulishukuru. Ua lililotoka kwenye mzizi wa nyumbani halishukuriwi.

Sasa moyo wake ulikuwa umechoka na sukari ilikuwa imemla macho. Alibaki akiona mwanga na kivuli tu. Binti yake Verdell aliacha kazi kwenye kiwanda cha kuku akarudi kumtunza. Kule zahanati daktari alimvuta Verdell pembeni akamwambia mama huyu hataishi hadi majani yapukutike tena. Verdell aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hata kanisani alikaa benchi la nyuma ili asiombwe kusoma. Alirudi chumbani akakuta mama yake ameshajua, kwa sababu ukuta wa zahanati ile ulikuwa mwembamba kama karatasi.

"Usilie," Mozelle alisema. "Mimi sina madai mengi. Nataka nimpelekee Tarvis maua yake kwa mkono wangu, mara moja tena. Baada ya hapo aje anayekuja."

Hilo Verdell alilishika kama mtu anavyoshika kamba kisimani.

Februari ilikuja na siku moja ya joto la kudanganya. Barabara nzima watu walikuwa nje na mikasi na misumeno, wakiikata ile miti ya maua ya rangi ya waridi iliyopangwa mbele ya nyumba, wakiiacha visiki kama ngumi. Ndivyo ilivyo kule. Februari ikipata jua, kila mtu hukata. Wanasema mti ukikatwa sana hutoa maua makubwa. Verdell alikata ile ya barabarani, akazunguka nyuma, akasimama mbele ya kichaka cha Tarvis.

Kilikuwa kibaya kukitazama. Fimbo tupu, magome yakijichubua kwa vipande kama ngozi iliyoungua jua, na kwenye ncha maua ya mwaka jana yaliyokauka yakawa rangi ya chai. Verdell alikuwa hajawahi kukitunza. Hiyo ilikuwa kazi ya mama. Aliwaza Juni. Aliwaza maua makubwa kuliko ya miaka yote, mama akishindwa hata kuyakumbatia. Akakata. Alikata kwa furaha, akikata hadi magotini, na mkasi ukilia chini ya dirisha la chumba cha mama yake. Fimbo zote akazitupa mtaroni. Ilikuwa siku pekee ya majira yale ya baridi aliyojisikia ana faida duniani.

Jioni alimpa mama mkate wa mahindi na maziwa ya mgando.

"Leo ulikuwa na kazi," Mozelle alisema.

"Nilisafisha bustani."

Mozelle alitafuna muda mrefu. Kisha akasema, "Lile ua kavu la mwaka jana, lililo kwenye chupa sebuleni. Niletee hapa karibu na kitanda."

Verdell alilileta. Hakulitilia maanani. Wagonjwa huomba vitu vingi.

Aprili, Ardella alikuja na bakuli la sukuma wiki na mfupa wa nguruwe. Verdell alimwita mama mdogo, ingawa Ardella alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na hakuwa mdogo kwa lolote. Alizunguka nyuma ya nyumba kwa sababu ngazi za mbele zilimshinda magoti. Verdell alimsikia akisimama.

"Verdell. Hebu njoo hapa."

Verdell alitoka akifuta mikono.

"Nani alimnyoa huyu kama kuruta wa jeshi?"

"Mimi, Mama mdogo. Ona kinavyochipua. Kimejaa majani."

"Naona majani. Mimi si mbuzi, sikuja kwa majani. Ulikata lini?"

"Februari. Siku ile ya jua."

Ardella aliweka bakuli chini kwenye nyasi. Aliinama kwa shida, akapekua kichaka kwa mkono mmoja, tawi baada ya tawi, kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Aliponyanyuka uso wake haukuwa na mzaha.

"Mwanangu, haya si kama yale ya barabarani. Yale hutoa ua kwenye tawi jipya. Huyu hutoa ua kwenye fimbo ya mwaka jana. Matumba yake hujitunga mapema, yanalala humo ndani baridi yote yakingoja. Zile fimbo ulizokata ndizo zilikuwa na maua."

"Yote?"

"Ulibakisha fimbo yoyote?"

 Verdell alitazama upande wa mtaro, ingawa mvua za Machi zilikuwa zimeshasomba kila kitu.

"Mwakani kitachanua mpaka uchoke," Ardella alisema. "Hakijafa. Ni mwaka huu tu."

"Mwakani," Verdell alisema.

Wote wawili waligeukia dirisha la Mozelle, lililokuwa wazi.

"Mwambie mama yako," Ardella alinong'ona. "Mozelle nimemjua tangu tukiogeshwa beseni moja. Atapiga kelele, atakuita majina, halafu yatakwisha. Usipomwambia hayataisha. Njia ya mwongo ni fupi."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, Mama mdogo."

Asubuhi iliyofuata Verdell aliingia na uji wa mahindi, ameshayapanga maneno. Mama yake alikuwa ameegemea mito, uso umeelekezwa dirishani kwenye mwanga.

"Kichaka cha Tarvis kimefikia wapi?" Mozelle aliuliza.

Maneno yale yaliyopangwa yakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Verdell alijisikia akisema, "Majani yametoka, Mama. Mapana."

Huo haukuwa uongo. Kwa hiyo akaona atamwambia kesho. Lakini kesho mama aliuliza tena, "Kimefikia wapi?" na Verdell akasema matumba yanaonekana, madogo kama punje za mtama. Baada ya hapo hakukuwa na pa kurudi. Kila asubuhi aliulizwa, kila asubuhi akajibu. Matumba yalikua kinywani mwake. Yalirefuka, yakawa ya kijani, yakaanza kupauka kwenye ncha. Mtu aliyeshindwa kusoma mistari michache mbele ya kanisa alikaa kando ya kitanda akieleza maua yasiyokuwepo, na alieleza vizuri. Mozelle alisikiliza amefumba macho. Wakati mwingine, Verdell akishamaliza, mama alibaki ameelekeza uso kwake kama anayengoja kitu kingine. Verdell aliinua bakuli akatoka.

 

Mei ilipofika alishuka kijitoni. Haidranjia mama, ile iliyozaa kichaka cha Tarvis, ilikuwa huko ukingoni, na nyingine nyingi chini ya mialoni. Tangu utoto wake aliyajua maua yake yakiwa meupe bondeni kama nguo zilizoanikwa. Maua ni yale yale, aliwaza. Damu moja. Mama akiyashika hatatofautisha. Alichukua kisu na ndoo.

Lakini shamba lile la kijitoni lilikuwa limeuzwa. Mialoni ilikuwa imekatwa yote, na ukingo umelimwa na matairi ya mashine hadi majini. Palikuwa na visiki na misonobari midogo ya kampuni ya mbao iliyopandwa kwa mistari, kimo cha kifundo cha mguu. Verdell alitembea bonde zima. Alikuta haidranjia moja, imekandamizwa na gogo, majani yameunguzwa na jua kwa kukosa kivuli. Haikuwa na ua. Alikaa kwenye kisiki na ndoo yake tupu, na akaona wazi kwamba hapakuwa na mahali popote duniani pa kuyapata maua yale. Aliyekuwa nayo ni yeye, na yeye ndiye aliyeyatupa mtaroni.

Ijumaa kabla ya Jumapili ya Kupamba alikwenda kwa Ardella. Ardella alikuwa kibarazani anamenya maharage, na kando ya kibaraza kilisimama kichaka chake cha haidranjia ya majani ya mwaloni, kimelemewa na maua. Alikuwa amekinunua kwenye duka la miche. Alipenda kusema kwamba muuzaji ndiye aliyemwambia yeye asante, ndiyo maana kikashika.

"Hujamwambia," Ardella alisema kabla Verdell hajafungua mdomo.

"Naomba maua, Mama mdogo."

"Ya kumdanganya Mozelle?"

"Ya kumpa kitu cha kubeba."

Ardella alimenya haraka zaidi. "Haya yangu ni ya dukani. Petali juu ya petali, mazito kama sketi za harusi. Yale ya Tarvis yalikuwa ya porini, mepesi. Mama yako haoni kwa macho, ila vidole havijapofuka."

"Mikono imemvimba. Hahisi vizuri."

"Unaomba asihisi?"

Verdell aliangalia viatu vyake. Machozi yalimdondoka pale pale bila sauti. Ardella aliinuka, akaleta mkasi, akakata hadi ndoo ikajaa.

"Asante," Verdell alisema.

"Sema tu, mwanangu. Haya hayana mzizi."

Jumapili kulipambazuka kwa joto. Verdell alimvalisha mama gauni la kijivu na kofia ya kanisani, akamweka kwenye kiti cha magurudumu. Shemasi Lonzo alileta gari lake la mizigo; wakampandisha mbele. Mozelle alikuwa mwepesi sasa, kama mzigo wa nguo. Mkoba wake mweusi alikataa kupokonywa.

"Bibi Mozelle, humo ndani una nini, dhahabu?" Lonzo alitania.

"Meno yangu ya kukung'atia wewe," Mozelle alisema, na Lonzo akacheka hadi akakohoa.

Kisha Verdell akamwekea maua mapajani.

Mozelle hakusema "weka hapo." Aliyainua mkononi, akayapima uzito. Vidole vyake vilivyovimba vikapita juu ya ua moja taratibu, kutoka chini hadi nchani, vikaingia kati ya petali, vikahesabu tabaka zake. Verdell alikuwa amesimama nje ya mlango wa gari, mkono kwenye kitasa. Aliona vidole vikisimama.

"Asante, mwanangu," Mozelle alisema.

Lonzo aliwasha gari na kuanza kuzungumzia mvua. Verdell alipanda nyuma, akakaa kwenye bati la moto kando ya kiti cha magurudumu, na hakuhisi moto ule. Maisha yake yote mama hakuwahi kulishukuru ua la kichaka kile. Asante ilikuwa ya watu wengine, ya maua ya watu wengine.

Makaburini watu walikuwa wameshajaa. Makaburi yalikuwa yamefagiliwa hadi udongo mwekundu ukang'aa, na juu yake maua ya kila nyumba: yungiyungi, waridi, haidranjia za buluu, mengine kwenye makopo ya kahawa. Chini ya miti wanawake walitandika vitambaa na kupanga kuku wa kukaanga na keki za pichi. Verdell alimsukuma mama kati ya watu waliomwamkia na kumbusu. Ardella aliungana nao njiani.

Walipofika kwenye kaburi la Tarvis, Mozelle aliinua mkono. "Kabla ya hapo. Kaburi la mama yako, Ardella, liko wapi? Upande huu?"

"Lile pale, Mozelle."

"Verdell, haya maua mpelekee bibi yako. Ndiyo ya nyumba yao."

Ardella alifunika mdomo kwa leso. Verdell aliyapokea maua, akayapeleka, akayaweka. Aliporudi, mama yake alikuwa amefungua mkoba na kutoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Lilikuwa lile ua kavu la mwaka jana. Mozelle aliomba asogezwe. Aliinama kwenye kiti, Ardella akimshika mabega, akanyoosha mkono hadi udongoni.

Ua lilikuwa limekauka mno. Lilipogusa udongo lilivunjika, na vipande vyake vya rangi ya chai vikatawanyika juu ya kaburi lililofagiliwa kama takataka ambazo mtu amesahau kuzoa. Mozelle alipapasa, akajaribu kuvikusanya pamoja kwa kiganja. Havikukusanyika. Upepo kidogo tu ulipita na kuchukua vingine.

"Mama," Verdell alisema. "Ulijua tangu lini?"

"Mkasi ulilia chini ya dirisha langu. Mimi kipofu, si kiziwi."

"Mbona hukunisema?"

"Ulikuwa umeshakata." Mozelle alijifuta udongo kwenye gauni. "Na hukujua. Kwa hilo sikuwa na neno nawe. Nilingoja tu uniambie. Kila asubuhi nilikuuliza."

Hakulisema kwa ukali. Lingekuwa na ukali, Verdell angepata pa kushika. Alipiga magoti kando ya kiti, na maneno yote aliyoyapata kando ya kitanda asubuhi zile, matumba na petali na weupe, yalikuwa yamekwisha. Alitafuta neno moja tu, la kuomba radhi.  Mozelle alisubiri kidogo, kama alivyozoea kusubiri, kisha akasema, "Nirudishe kivulini. Jua limenichosha."

Kaburi la Tarvis lilibaki tupu kati ya makaburi yaliyovikwa. Watu walipita wakadhani jamaa zake hawajafika.

Mozelle alikufa Agosti, mchana, redio ya jirani ikiimba. Baada ya Jumapili ile hakuuliza tena kichaka kimefikia wapi. Asubuhi alikunywa uji, akasema uji ni mzuri, akageukia ukuta. Verdell alikaa kwenye kiti kile kile, akajiambia leo nitasema, akainua bakuli, akatoka. Siku aliyosema hatimaye, "Mama, nisamehe," alikuwa amemshika mkono, na mkono ulikuwa umeshaanza kupoa.

Mwaka uliofuata kichaka kilichanua kama Ardella alivyosema. Fimbo mpya zilikuwa nene, na maua yalikuja makubwa kuliko ya mwaka wowote, mengi hadi yakaziba dirisha, kama Verdell alivyotaka Februari ile. Chumba kilijaa weupe. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Jumapili ya Kupamba Ardella alikuja na gari, akapiga honi. Akapiga tena. Alishuka, akazunguka nyuma, akaliona dirisha na maua ambayo hayakuguswa, na Verdell amekaa ndani, nyuma ya maua hayo.

"Verdell. Kata hata machache. Kuna makaburi mawili sasa."

Verdell alitikisa kichwa.

"Nikate mimi?"

"Acha, Mama mdogo."

Ardella alisimama kidogo na kofia yake mpya. Kisha akaondoka polepole, akishika ukuta kwa ajili ya magoti.

Asubuhi ilikuwa tulivu. Verdell alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza angeweza kueleza kila kitu bila uongo: yamefunguka yote, Mama, yamefika hadi kwenye ncha, nyuki wamejaa. Alifungua mdomo. Alingoja swali.

Mchana mvua kubwa ilishuka. Maua yalilowa, yakawa mazito, yakainamisha matawi hadi yakalala kwenye matope, na hakuna aliyetoka kuyainua.